Siku ya Wapendanao Kigoma: maswali ninayoulizwa dukani kila Februari

Nina duka la zawadi, vitenge na vifaa vya shule pale Mwanga, Kigoma mjini. Kuanzia mwisho wa Januari maswali ni yale yale, mengine kwa sauti, mengine mtu anasubiri kwanza wateja wenzake watoke. Nimeyakusanya hapa. Niseme mapema usije ukadhani nakuficha: nakula kwa kuuza vitu hivi, na bado naona watu wengi mjini hapa wanatoa hela kwa tarehe ambayo hawakuichagua wao na haiendani na mifuko yao.

Hii siku ni ya dini au ya wafanyabiashara?

Jina ni la kanisani. Masimulizi yanataja mashahidi walioitwa Valentino, wa karne ya 3, mmoja padri wa Roma na mwingine askofu wa Terni, na wapo wanaosema ni mtu huyo huyo mmoja. Habari za mapenzi ziliingia baadaye sana, karne ya 14 kule Uingereza, mshairi Geoffrey Chaucer alipoandika kwamba siku hiyo ndege hukusanyika kila mmoja achague mwenzake. Mwaka 1969 Kanisa Katoliki liliitoa sikukuu hiyo kwenye kalenda yake ya jumla. Mkatoliki akienda misa ya asubuhi tarehe 14 Februari atakuta wanaadhimishwa Watakatifu Sirili na Metodi. Kanisa liliachia, duka likashika.

Nasikia kampuni za kadi ndizo zilizoibuni. Kweli?

Hawakuibuni, waliikuta watu wanaandikiana wenyewe kwa mkono. Walichofanya ni kuona kwamba mtu asiye na maneno yuko tayari kuyanunua.

Mwaka 1840 Uingereza ilishusha gharama ya kutuma barua hadi peni moja nchi nzima, na kadi za mapenzi zikafurika posta. Marekani alikuwepo binti mmoja wa Worcester, Massachusetts, Esther Howland, ambaye baba yake aliuza vifaa vya kuandikia. Mwishoni mwa miaka ya 1840 alianza kutengeneza kadi zenye karatasi ya lesi, akaweka wanawake mezani kwa mstari: mmoja anakata, mwingine anabandika, mwingine anamalizia. Biashara ikakua. Huyo mama namheshimu, kwa sababu kazi ile naifahamu. Wiki ya kwanza ya Februari na mimi nakaa na wasichana wawili nyuma ya duka tunafunga riboni mpaka usiku.

Miaka ya 1860 Richard Cadbury wa Uingereza akaanza kuuza chokoleti kwenye maboksi yenye umbo la moyo. Mwaka 1913 Hallmark ya Marekani nayo ikaingia na kadi zake. Baada ya hapo orodha ilijiongeza yenyewe: maua, vito, chakula cha jioni.

Lile boksi la moyo hebu lifungue siku moja kabla hujalipa. Toa kile kisahani cha plastiki cha ndani uone chini yake. Nafasi kubwa ni hewa. Unalipia moyo, chokoleti ni nyongeza. Na kakao yenyewe inalimwa Kyela, kwetu hapa hapa Tanzania, ila inaturudia kutoka nchi za watu ikiwa imevaa karatasi ya dhahabu.

Kuna nchi ambayo wafanyabiashara waliitunga siku waziwazi?

Zipo, na hazifichi. Brazil wapendanao wana siku yao tarehe 12 Juni, mkesha wa Mtakatifu Antonio. Ilipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na mtu wa matangazo, João Doria, aliyepewa kazi na duka la São Paulo lililolalamika kuwa Juni mauzo yanalala. Tarehe ilichaguliwa kwa ajili ya mauzo, na leo nchi nzima inaifuata.

Japani ndiyo inanichekesha zaidi. Pale tarehe 14 Februari wanawake ndio wanaowapa wanaume chokoleti, hadi mabosi na wafanyakazi wenzao kwa kulazimika tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watengeneza peremende wakaona wanaume wamebaki na deni, wakawawekea tarehe 14 Machi ya kurudisha. Kwa hiyo wanauza mara mbili. Mwaka 2018 kampuni moja ya chokoleti, Godiva, ililipia tangazo gazetini ikiwashauri watu waache zile chokoleti za kulazimishana. Hata hilo lilikuwa tangazo la chokoleti.

China nako wanafunzi walikuwa na siku yao ya kutaniana kuhusu useja, tarehe 11 Novemba. Mwaka 2009 Alibaba, kampuni ya mauzo ya mtandaoni, waliigeuza kuwa siku ya punguzo la bei. Sasa hata asiye na mpenzi ana siku yake ya kutoa hela.

Ilifikaje Kigoma?

Kwa redio na televisheni. Miaka ya 1990 vituo binafsi viliporuhusiwa, vikahitaji matangazo, na matangazo yakahitaji sababu ya kutangaza. Kabla ya hapo tulikuwa na kadi za Idi na Krismasi, na kadi za salamu za redioni. Halafu ikaja simu yenye kamera. Zamani mtu alipewa ua akajua yeye na aliyempa. Siku hizi ua lisipoonekana kwenye status ni kama halikutolewa. Nina wateja wanaoniuliza kwanza kitu kitatokaje kwenye picha, ndipo wanauliza bei.

Dada, kwa nini bei zinaruka wiki ile? Si mnatuchuna tu?

Tunachuna kidogo. Ila nikueleze mzigo unavyokuja.

Bidhaa nyingi za siku hiyo zinatoka China, zinashukia Kariakoo. Mimi naagiza Desemba, hela ya Krismasi ikiwa bado ipo mkononi. Nikichelewa mpaka katikati ya Januari nakuta mikoa yote inaagiza, na bei ya jumla imeshapanda kabla haijanifikia. Kisha kuna kusafirisha hadi huku mwisho wa reli. Mdoli mkubwa wa dubu ni mwepesi, lakini anakula nafasi, na mwenye basi anakutoza kwa nafasi. Wakati mwingine nauli ya dubu inanikaribia nauli ya mtu.

Chukua mfano. Ua la plastiki nimelinunua 700 Kariakoo. Likifika Mwanga limeshakuwa kama 1,000, nikiweka mfuko wa nailoni na riboni 1,200. Tarehe 10 nakuuzia 2,500. Tarehe 13 jioni, duka limejaa vijana wenye haraka, nakuuzia 4,000. Kati ya hizo 4,000 sehemu ni hasara ya maua ambayo hayatauzika, maana tarehe 15 asubuhi hakuna anayeyatazama. Sehemu nyingine ni kwa sababu mnalipa.

Dawa yake ni rahisi. Njoo Januari, ufiche kabatini. Katika miaka yote sijaona mwanaume akija Januari.

Hela yangu inabaki Kigoma au inaondoka?

Hili naulizwa mara chache, na ndilo ningependa kuulizwa zaidi. Ukinunua ua la plastiki na mdoli kwangu, kinachobaki hapa mjini ni faida yangu na posho ya wale wasichana wawili. Iliyobaki inapanda basi kurudi Kariakoo, halafu inavuka bahari.

Ukimpelekea kitenge fundi wa cherehani pale sokoni amshonee mwenzako gauni, mshono unabaki Mwanga. Ukiagiza keki kwa mama anayeoka nyumbani Katubuka, hela ya mayai inakwenda kwa mfuga kuku wa hapa hapa. Kama mpenzi wako yuko Dar au Dodoma, basi hujui unachokalia. Kilo mbili za dagaa safi wa Kigoma, wale weupe waliokaushwa vizuri bila mchanga, na lita tano za mawese, zikishushwa kwake stendi atawaita majirani. Nimewahi kumfungia kijana mmoja dagaa kwenye boksi jekundu lenye riboni, akaona aibu kidogo alipolipokea. Wiki ya pili yule binti alipiga simu mwenyewe kuuliza kama naweza kumtumia tena, safari hii kwa hela yake.

Maua ya waridi halisi yanapatikana?

Kwa nadra, na kwa kuagiza. Waridi la biashara linahitaji baridi tangu linapokatwa shambani mpaka linapofika mezani. Kenya wanalima pembeni ya Ziwa Naivasha, sisi tunalima Arusha na Kilimanjaro, na sehemu kubwa inapanda ndege kwenda Ulaya, ambako soko kubwa ni mnada wa Aalsmeer, Uholanzi. Waridi la Arusha linamfikia mtu wa Amsterdam likiwa bichi kuliko linavyomfikia mtu wa Gungu, hapa hapa Kigoma. Kutoka Arusha hadi huku ni zaidi ya kilomita elfu moja za barabara, na basi halina jokofu. Yakifika yameinamisha vichwa.

Ndiyo maana nauza ya plastiki. Yale yenye matone ya umande, yaguse: ni gundi iliyokauka. Anayetaka ua bichi akakate bogonvilia kwenye uzio wa jirani, aombe kwanza.

Wazee wetu wa Ujiji walipendana bila madoli. Huu si uzungu mnatuletea?

Mzee mmoja wa Ujiji huniuliza hili kila mwaka, akiwa amekuja kununua daftari za wajukuu. Walipendana, mzee wangu, lakini si bila wafanyabiashara.

Ujiji imekuwa soko tangu kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Misafara ilitoka Bagamoyo miezi kadhaa kwa miguu ikileta vitambaa na shanga. Shanga zile nyingi zilitengenezwa Ulaya, Venice ikiwa mojawapo ya sehemu hizo. Ndani ya soko la Ujiji kulikuwa na aina iitwayo sofi iliyotumika kama fedha kabisa, unanunulia samaki na unga. Na shanga hizo hizo, nani asiyejua ziliishia viunoni mwa nani? Mwanaume wa wakati ule alimpa mkewe hela ya kigeni aivae.

Kisha kanga. Tunaiona ni yetu tangu enzi, na kweli imekuwa yetu, lakini ilikuzwa na wenye maduka wa pwani. Mombasa alikuwepo mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilipigwa alama ya “Mali ya Abdulla”, na inasimuliwa kuwa ndiye aliyeanza kuweka maneno kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Maneno yalianza kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi tunazotumia sasa. Kwa muda mrefu vitambaa vyenyewe vilipigwa chapa ng'ambo. Mtu dukani alitunga maneno ya mapenzi, kiwanda cha mbali kikachapa, mume akanunua, mke akajifunga na kupita nayo mtaani kila mtu asome. Esther Howland angeona kanga angejua mara moja ni kitu gani.

Kwa hiyo mimi siwezi kusema mapenzi ya zamani yalikuwa safi na ya leo yamechafuliwa na biashara. Tofauti ninayoiona ni moja. Kanga haikuwa na tarehe. Mume aliinunua alipouza tumbaku au mawese yake, au aliporudi safari, au alipokosa nyumbani akataka yaishe. Yeye ndiye aliyechagua siku, na mke alijua kuwa kachagua. Sasa siku imechaguliwa na mtu wa matangazo, na mke anajua hivyo pia.

Kuhusu kanga, ushauri mmoja kwa vijana: soma maneno. Mwaka juzi kaka mmoja alivutiwa na kanga nyekundu ya maua, akataka nimfungie haraka. Nikamfunulia chini pale katikati asome. Yalikuwa maneno ya kumsema jirani mwenye wivu. Alikuwa anampelekea mama mkwe mtarajiwa.

Mama, mume wangu ni mvuvi. Tarehe 14 yuko ziwani au hana hela. Nifanyeje?

Swali hili ni la watu wa Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, na kwangu ndilo zito kuliko yote, maana linaonyesha jinsi tarehe hii isivyotujua.

Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inakaa nchi kavu, wavuvi wanashona nyavu na kulala nyumbani. Kwa hiyo hela ya mwaloni inapanda na kushuka kwa mwezi wa angani. Kipindi cha mbalamwezi mume yuko nyumbani, anacheka na watoto, mfuko mtupu. Kipindi cha giza ana hela, lakini usiku yuko majini na asubuhi analala kama gogo. Mwaka 2025 mwezi ulijaa tarehe 12 Februari, kwa hiyo siku ya wapendanao aliikuta yuko nyumbani bila shilingi. Mwaka 2026 mwezi mpya uliangukia tarehe 17, maana yake tarehe 14 ilikuwa giza na kazi imepamba moto.

Mke wa mvuvi mzoefu hana shida na hili, anajua mbalamwezi ikianza zipo siku chache ambazo mume yupo na hela ya giza haijaisha. Hizo ndizo sikukuu zao. Shida inakuja kwa binti mgeni aliyeolewa kutoka mjini, ambaye rafiki zake wanaweka picha za keki na yeye hana cha kuweka. Huyo nikimpata namwambia anunue kalenda yenye alama za mwezi. Ninazo, na hizo sizipandishi bei.

Watumishi nao wana lao. Mshahara unaingia mwishoni mwa mwezi. Tarehe 14 ni katikati kabisa, tena baada ya Januari iliyokula sare, madaftari na michango ya shule. Wakulima wa vijijini ndio kabisa, Februari mvua inanyesha na mazao yako shambani. Ukiniambia nichague tarehe mbaya kuliko zote kwa mkoa huu, ningehangaika kuipata inayoishinda hiyo.

Nikope?

Usikope. Mikopo ya kausha damu inapata wateja wengi sana wiki hiyo, na marejesho ya kila siku hayana habari na mapenzi yako. Zile programu za mikopo kwenye simu ndizo mbaya zaidi, kwa sababu zinachukua namba za watu wako wote, na ukichelewa shemeji yako anatumiwa meseji kuwa unadaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni na kuyapiga marufuku. Ukiona tangazo la mkopo lenye picha ya moyo, pita.

Shada la noti je? Naona mitandaoni watu wanapewa maua ya hela.

Natengeneza ukitaka, natoza ya ufundi. Ila fikiria: unanipa laki moja nizikunje na kuzishika kwa pini na utepe, mwenzako anapiga picha, halafu jioni nzima anazikunjua moja moja. Noti ikichanika au ikibaki na gundi, wakala anaikataa. Mtumie kwenye simu, weka na ya kutolea. Hiyo ya kutolea ndiyo inayoonyesha mtu alivyolelewa.

Nimeona duka la Instagram la Dar lina bei nzuri. Niagize?

Kama wanataka hela yote kabla na hawakutumii risiti ya basi, acha. Na kama wanakutumia mzigo tarehe 12, ujue utafika siku ya pili au ya tatu njia ikiwa nzuri, na Februari si ya kuitegemea.

Nilimpa vitu vingi, sasa ameniacha. Naweza kumdai?

Wanaume wanaouliza hivi huwa wanazungumza taratibu sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 71, inaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa, mradi mahakama iridhike kwamba mtoaji alikusudia ndoa iwe sharti la zawadi hiyo. Bila hivyo, hapana. Pete ya uchumba, vitu vya posa, hapo kuna la kuzungumza. Mdoli, chipsi kuku na simu uliyompa mkiwa mnajuana wiki tatu, hapo hakuna kesi.

Na upande wa pili, dada zangu, kupokea zawadi hakukuwekei deni lolote mwilini. Mtu akikuletea boksi tarehe 14 akadhani amelipia jambo, mrudishie boksi lake. Akija nalo kwangu nitamrudishia nusu ya hela, nimeshafanya hivyo na nitafanya tena.

Binti yangu wa kidato cha pili ameletewa zawadi na mtu mzima. Nichukulie kawaida?

Hapana. Ulizia ni nani, leo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi au kumuoa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na mambo hayo huwa yanaanza na vocha na boksi la chokoleti. Mimi siuzi kifurushi cha mapenzi kwa mtu mzima anayeniambia ni cha mwanafunzi. Watoto wenyewe kwa wenyewe wakipeana kadi na peremende, hilo ni la kucheka na kuongea nao.

Mwaka 2027 itaangukia Ramadhani. Ujiji itakuwaje?

Duka litakuwa kimya mchana na litachangamka baada ya futari. Kwa makadirio, kutegemea mwezi kuandama, Ramadhani ya 2027 inaanza karibu na tarehe 8 Februari, na 2028 mwishoni mwa Januari, kwa hiyo miaka yote miwili tarehe 14 iko ndani ya mfungo. Mwaka 2029 ni kiroja: tarehe 14 Februari ni Jumatano ya Majivu, kama ilivyokuwa 2018 na 2024, na Idi inatarajiwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Mkatoliki anafunga, Mwislamu anafungua, na wauza madoli wanakaa mlangoni.

Kwa miaka hiyo naagiza kidogo vitu vyekundu na naongeza udi, marashi, tende na vitenge vya Idi. Mke akipewa kitenge cha Idi hatasema hakukumbukwa Februari.

Mtu anaweza kuigomea kabisa?

Anaweza, ila asitegemee kuishinda. Marekani mama mmoja, Anna Jarvis, alianzisha Siku ya Mama mwaka 1908, ikawa rasmi 1914. Alitaka mtu amwandikie mama yake barua kwa mkono. Wauza maua na kadi wakaivamia, naye akatumia maisha yake na mali yake kupigana nao. Alifariki 1948 hana kitu. Ikiwa aliyeianzisha siku mwenyewe alishindwa kuwatoa wafanyabiashara, mimi na wewe tutaweza wapi? Tunachoweza ni kukubaliana nyumbani. Najua mume na mke, walimu wote wawili, ambao tarehe 14 wanakula ugali na mgebuka kama siku nyingine, na Juni shule zikifungwa wanapanda treni kwenda Tabora kwa ndugu. Walimu hao hawajawahi kununua kwangu riboni hata moja, na kila Januari daftari zao zote wanachukua kwangu.

Mimi sina mtu. Ninunue nini?

Kalamu nzuri. Finland siku hiyo ni ya marafiki, kadi anapewa shoga yako au jirani, na hakuna anayeona ajabu. Andika ya kwako, umtumie mtu aliyekaa nawe ulipoumwa.

Vitu visivyouzika vinakwenda wapi? Vinashuka bei lini?

Tarehe 15 asubuhi, nikishafagia. Chokoleti zinashuka nusu, kwa sababu ya joto na kwa sababu siwezi kuzitazama tena. Maua ya plastiki nayaunganisha yawe ya mezani, wenye kitchen party wanachukua. Kadi nazitunza. Madoli madogo nawauzia wenye sherehe za kuzaliwa za watoto.

Dubu wakubwa sipunguzi. Tarehe 8 Machi ni Siku ya Wanawake, ofisi zinatafuta zawadi, na kitenge cha sare kinaanza kuulizwa kuanzia tarehe 20 Februari. Kikundi kinachotaka pea zaidi ya thelathini za rangi moja kilete oda na nusu ya hela kabla mwezi haujaisha, mzigo unatoka ng'ambo ya ziwa na mpakani Manyovu, siwezi kuahidi rangi kwa mtu wa dakika ya mwisho.